Gari ya auto inastuka, inachelewa kushika gia au resi inapanda haiendi: anza na oili kabla hujaambiwa giaboksi imekufa

Wakuu, kabla hujakubali kuambiwa giaboksi imekufa utafute nyingine ya mtumba, naomba uangalie vitu vitatu na kwa mpangilio huu huu: oili ipo kiasi gani, ni oili ya aina gani, na iko kwenye hali gani. Nimeona giaboksi zinashushwa chini wakati kilichokuwa kinasumbua ni oili iliyopungua, na nimeona nzima kabisa zikiuawa na galoni moja ya oili isiyo yake, na hiyo ya pili inaniuma zaidi kwa sababu mwenye gari alikuwa anajitahidi kuitunza gari yake.

Naongelea gari hizi tunazoendesha, IST, Vitz, Premio, Noah, X-Trail, Dualis, Tiida, Fit, Forester, Outlander. Zinatoka Japani zimeshatumika, kitabu chake ni cha Kijapani au hakipo kabisa, fundi anakuuliza "boss niweke haidroliki?" na wewe unamjibu weka. Haidroliki ile nyekundu anayoongezea kwenye stelingi ndiyo hiyo hiyo anataka kuimimina kwenye giaboksi. Kwa stelingi ya Toyota za zamani haina neno, kiwandani wenyewe walitaja oili ya jamii ya Dexron. Kwa giaboksi ni habari nyingine.

Kwanza ijue giaboksi yako ni ipi

Rangi haikuambii kitu. Oili karibu zote za auto zinatiwa rangi nyekundu ili ikivuja ujue sio ya injini, basi. T-IV nyekundu, WS nyekundu, Dexron III nyekundu, SP-III ya Mitsubishi nyekundu, ila ndani ni vitu tofauti. Tofauti ya kwanza ni uzito wake ikiwa ya moto: kwenye nyuzi 100, Toyota T-IV iko kama sentistoksi 7 (ndicho kipimo cha uzito wa oili), WS iko kama 5 na nusu, yaani WS ni nyepesi kwa makusudi na giaboksi yake imetengenezwa kwa wepesi huo. Tofauti ya pili haionekani kwa macho, ni zile dawa zinazoamua plati za klachi ndani zishikane kwa ulaini au kwa ghafla. Hili jambo ni la tangu zamani, Dexron za mwanzo kule Marekani miaka ya 60 zilikuwa na mafuta ya nyangumi kwa ajili ya kazi hiyo hiyo ya msuguano, bidhaa za nyangumi zilipopigwa marufuku mwanzoni mwa miaka ya 70 ikabidi watafute fomula nyingine.

Sasa utaijuaje yako. Kwa Toyota fungua boneti, tafuta kile kibati kidogo chenye chesisi namba, kipo ukutani nyuma ya injini au kwenye nguzo ya mlango. Kuna mstari umeandikwa TRANS/AXLE na mbele yake kodi ya giaboksi. Ikianza na U ni auto ya gia za kawaida ya gari inayovutwa na matairi ya mbele, mfano U340E, ikianza na A mara nyingi ni ya gari inayosukumwa na matairi ya nyuma kama Mark X na Crown, na ikianza na K, mfano K310, hiyo ni CVT, yaani auto isiyo na gia za hatua, inatumia mkanda na puli. Usitegemee sura ya gari. IST ya pili, ile iliyoanza 2007, kuna ya injini ya 1.5 yenye CVT na kuna ya 1.8 yenye gia nne za kawaida, kwa nje ni pacha. Tiida nayo hivyo hivyo, ya 1.5 gia nne, ya 1.8 CVT.

Halafu chomoa dipstiki ya giaboksi uifute uisome. Toyota nyingi zimechapa kwenye chuma chenyewe jina la oili, utaona ATF T-IV (ATF ni oili ya giaboksi ya auto) limeandikwa pale pale pembeni ya alama za HOT na COOL. Watu wanaichomoa kila siku na hawajawahi kuisoma.

Kwa haraka haraka: Toyota za gia nne za mwishoni mwa miaka ya 90 mpaka katikati ya 2000, IST ya kwanza, Vitz ya kwanza, Harrier ya 2003, ni T-IV. Mark X na Crown za kuanzia 2004 na nyingi za gia tano na sita zilizofuata ni WS. Toyota za CVT ni TC kwa za awali na FE kwa za karibuni. Nissan X-Trail T30 ya gia nne inatumia Matic D, T31 ya CVT ni NS-2, T32 ni NS-3, Dualis ya CVT ni NS-2. Honda za gia za kawaida zilikuwa Z1 na sasa ni DW-1 inayochukua nafasi yake, Fit ya kwanza na ya pili za CVT ni HMMF, iliyofuata isiyo haibridi ni HCF-2. Mitsubishi gia nne SP-III, CVT ni J1 na za baadaye J4. Subaru za gia nne za zamani ni jamii ya Dexron, zilizofuata zina ATF-HP, na zile za CVT zina oili yake peke yake. Hii ni dira tu, neno la mwisho ni la dipstiki au kitabu cha gari yako.

Asubuhi ukiweka D au R inachelewa kushika

Unaweka R, unasubiri, sekunde moja, mbili, tatu, ndio inashtuka inarudi. Ikishapata moto inakuwa nzuri. Hapa kitu cha kwanza ni kiasi cha oili, na wengi wanakipima vibaya kwa hiyo ngoja nikae hapa kidogo.

Toyota, Nissan na Mitsubishi zenye dipstiki: endesha kama dakika ishirini oili ipate moto, simamisha sehemu tambarare kabisa, injini ikiendelea kuunguruma kanyaga breki pitisha leva P, R, N, D taratibu halafu urudi P (Mitsubishi nyingi za SP-III zinamalizia N). Usizime. Chomoa, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena, soma upande ulio chini zaidi. Iwe ndani ya alama za HOT. Ukipima imezimwa kama unavyopima ya injini utasoma iko juu, kwa sababu ile oili iliyokuwa inazunguka kwenye toki konveta (lile dude la oili linalounganisha injini na giaboksi) na kwenye kula (kipoza oili) imerudi kwenye sampo (bakuli la oili la chini), utajiridhisha imejaa na kumbe haitoshi. Honda ni kinyume, wao wanataka ipate moto, uzime injini, halafu upime ndani ya dakika moja hadi moja na nusu. Fundi akipima Honda inaunguruma anasoma chini, anaongeza, anajaza kupita kiasi.

Zisizo na dipstiki, nyingi za WS na CVT kadhaa, zinapimwa kwa chini. Kuna boliti ya kufurikia, gari inanyanyuliwa ikiwa imelala sawa pande zote nne, oili inafikishwa kwenye joto maalum, Toyota nyingi ni kama nyuzi 40 hadi 45, injini ikiunguruma unafungua boliti, ikitoka kidogo kidogo imefika sawa, isipotoka haitoshi. Bila mashine ya kusoma joto hilo zoezi ni kubahatisha. Fundi akikwambia "hii haina dipstiki kwa hiyo oili yake haibadilishwi milele", mwambie kutokuwepo kwa dipstiki hakuna uhusiano na umri wa oili. ZF wenyewe, Wajerumani wanaotengeneza giaboksi za BMW, wanapendekeza oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 ingawa mwenye gari aliambiwa ni ya maisha.

Kiasi kikiwa sawa na bado inachelewa, uliza iliwekwa oili gani mara ya mwisho. Giaboksi ya WS iliyojazwa oili nzito itachelewa asubuhi hasa sehemu za baridi kama Njombe, Mbeya au Limuru, kwa sababu presha inachelewa kujengeka. Kama oili ni yenyewe na kiasi ni chenyewe basi tunahamia kwenye filta iliyoziba au sili za ndani zilizokakamaa, na hapo sio oili tena.

Imetoka sevisi sasa hivi, imeenda kidogo ikagoma kabisa

Hii inatokea sana na watu hawaunganishi matukio. Gari ilienda kubadilishwa oili ya injini tu. Imetoka gereji vizuri, imefika barabara kuu, resi inapanda haiendi, moshi unatoka kwenye egzosi. Kilichotokea ni kwamba fundi alifungua boliti ya giaboksi akidhani ni ya injini, akamwaga oili ya giaboksi, halafu akajaza oili mpya ya injini juu ya ile ya zamani. Giaboksi haina kitu na injini ina mara mbili. Kwenye Toyota nyingi boliti ya oili ya injini inafunguliwa kwa spana 14 na ya giaboksi ni ya alenkii 10, kwa hiyo akiomba alenkii kwa ajili ya oili ya injini msimamishe hapo hapo.

Subaru za gia nne ndio zaidi, kwa sababu chini kuna boliti tatu, ya injini, ya giaboksi na ya difu ya mbele, juu kuna dipstiki tatu, na baadhi zina filta ya giaboksi ya kufunga kwa nje inayofanana kabisa na filta ya injini. Difu ya mbele inataka oili nzito ya gia 75W-90, sio ATF. Ukiona dipstiki ya difu ina kitu chekundu chepesi, mtu alimimina kwenye tundu sio lake.

Dawa yake: usiwashe tena, usijiambie "nitafika tu hapo mbele". Ivutwe, imwagwe zote mbili, zijazwe upya kwa kiasi chake. Ikizimwa mapema mara nyingi giaboksi inapona.

Inatetemeka

Kuna mitetemo miwili, usiichanganye. Wa kwanza unakuja ukiwa kwenye spidi 50 hadi 80, mguu mwepesi kwenye mafuta, gari inatetemeka kama umepita juu ya matuta madogo ya rasta halafu inaacha. Hiyo mara nyingi ni klachi ya ndani ya toki konveta inajaribu kushika inateleza, inashika inateleza, kwa sababu zile dawa za msuguano zimechoka au hazikuwa sahihi tangu mwanzo. Lakini plagi na koili mbovu nazo zinatoa mtetemo unaofanana sana na huo, kwa hiyo pima hivi: ukiwa unatetemeka, mguu wa mafuta usiuondoe, gusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto mpaka taa ya breki iwake tu, barabara iwe tupu nyuma yako. Kompyuta ikiona breki inaachia ile klachi. Mtetemo ukikata hapo hapo ni toki konveta, ukiendelea vile vile nenda kwenye plagi. Mtetemo wa namna hii nimeuona ukiisha kwa kubadilisha oili sahihi mara mbili mfululizo, ndio maana nasema usiharakie kushusha giaboksi.

Wa pili ni wa Honda Fit ya kwanza, wakati wa kuondoka. Foleni ya Ubungo, unaachia breki, gari inagugumia inatikisika halafu inaenda. Ile CVT haina toki konveta, ina klachi yake ya kuondokea ndani ya oili, na HMMF ikichoka au ikiwekwa ATF ya kawaida ndio inagugumia. Imwage, weka HMMF, uendeshe siku kadhaa, imwage tena. Ikizidi kugoma baada ya hapo klachi yenyewe imeisha.

Inastuka au inagonga ikibadilisha gia

Kama inagonga ukiiweka R au D imesimama lakini ukitembea gia zinabadilika laini, angalia mauntini (mipira inayoshikilia) ya injini na giaboksi kwanza, msaidizi akae ndani akanyage breki abadili R na D na wewe uko nje umeangalia injini inarukaje. Kama inagonga ukitembea, hasa kutoka ya kwanza kwenda ya pili, rudi kwenye oili. T-IV iliyochanganywa na WS, au ATF moja ya kila gari iliyoongezewa kidogo kidogo kila mwezi mpaka hakuna anayejua ndani kuna nini, ndio inafanya hivi. Kama betri ilichomolewa juzi juzi ipe muda, kompyuta kwenye gari nyingi inajifunza upya. Kama kuna taa inawaka na gari imeng'ang'ania gia moja haitaki kubadili, hiyo inapimwa kwa mashine, ni umeme au solenoidi (valvu za umeme za ndani), usinunue oili kwanza.

Resi inapanda, gari haiendi

Chukua karatasi nyeupe, tishu ya mezani inatosha, dondosha tone moja la dipstiki juu yake, subiri. Nyekundu au kahawia inayosambaa vizuri na ukingo safi, hiyo ni oili iliyotumika tu. Ikibaki katikati doa jeusi lenye chembe na ukinusa inanuka kama kitu kimeungua, plati za klachi zimekwenda na hizo chembe ndio plati zenyewe.

Hapa ndio ule usemi wa mitaani unazaliwa, kwamba auto ukiibadilisha oili inakufa. Sitausema ni uongo mtupu, ila sababu inayotolewa sio. Giaboksi ambayo klachi zimeshaisha inakuwa inashikilia kwa shida, mwenye gari anaona inateleza, ndio anakumbuka oili, wiki inayofuata inalala na lawama zinaenda kwa oili. Ilikuwa inalala hata hivyo. Jingine ni ile mashine ya kusukuma oili kwa presha, kwenye giaboksi chafu ya miaka mingi inang'oa uchafu na kuupeleka kwenye valvu bodi (inayogawa presha ya oili) ambako kuna njia nyembamba sana. Kwa hiyo gari yenye kilomita nyingi na historia haijulikani, mwaga kwa boliti tu, usiikubali ile mashine. Na kama tone lako ni jeusi na limeungua, ujue oili mpya haitarudisha plati, panga bajeti ya kuifungua.

CVT inapiga mluzi na imekuwa nzito

Jamaa ana X-Trail T31, ilikuwa inaenda vizuri, ikapungua oili kidogo kwa sababu ya sili ya ekseli. Fundi akaongeza lita mbili za haidroliki. Jamaa akauliza "fundi una uhakika ndio yenyewe?" akajibiwa "boss hizi zote za auto ni moja". Baada ya wiki mbili ikaanza mluzi unaopanda na spidi, halafu ikawa inavuta na kuachia kwenye mlima. CVT haina plati za kubadilisha gia, ina mkanda wa chuma unaobanwa katikati ya puli mbili za chuma, na oili yake kazi yake ni kulainisha na wakati huo huo kuhakikisha chuma hakitelezi juu ya chuma. ATF ya kawaida haina uwezo huo. Mkanda ukiteleza unachora puli, na puli ikishachorwa hakuna oili duniani itakayoirudisha.

Kwa hiyo kwenye CVT hakuna "weka hii kwa muda". Kama imewekwa sio, zima, imwage yote inayotoka, weka yake, endesha kidogo, imwage tena. Kama mluzi umeshakuwa mkubwa na sumaku ya sampo ina vipande vya chuma, umechelewa. Uji mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida, usiogope huo. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ndio vya kuogopa.

Hapo hapo kwa Nissan, kompyuta ya CVT inahesabu uchakavu wa oili. Mashine ya Nissan inaonyesha namba, ikifika 210,000 au zaidi wanasema badilisha. Na ukishabadilisha ifutwe irudi sifuri, mafundi wengi wanaruka hatua hii.

Inapoteza nguvu safari ndefu au mlimani

Umetoka Morogoro vizuri, unaanza kupanda Kitonga nyuma ya malori, gari inakataa kwenda hata ukikanyaga, ukisimama nusu saa inapona. Kwenye CVT hiyo mara nyingi ni kujilinda, oili imepata joto kupita kiasi na kompyuta imepunguza nguvu. Angalia feni, rejeta iliyoziba tope na wadudu kwa nje, kula ya giaboksi, halafu umri wa oili. Oili iliyochoka inapata moto haraka na moto unaichosha zaidi. Kama unasafirisha mzigo au unavuta trela usingoje kilomita zile za kitabu, badilisha mapema.

Oili imekuwa ya pinki yenye maziwa

Ukiona dipstiki inafanana na uji wa ulezi uliotiwa maziwa, zima gari sasa hivi. Kwenye gari nyingi oili ya giaboksi inapita ndani ya rejeta ili ipoe, ikitoboka mle ndani kulanti na oili vinakutana. Maji yanang'oa ile gundi inayoshika plati. Rejeta mpya kwanza, kisha kumwaga na kujaza mpaka itoke safi, na kama imetembea hivyo siku nyingi uandae moyo. Rejeta ya gari ya miaka 15 iliyojazwa maji ya bomba badala ya kulanti ndio inayoishia hapa.

Ikiwa na mapovu tu bila maziwa, imejazwa kupita kiasi, nyonya ya ziada kwa mpira. Ikivuja, funga panapovuja, sili ya ekseli, gasketi ya sampo au mpira wa kula, na zile dawa za kuzuia kuvuja za kumimina sizipendi kabisa kwenye giaboksi.

Ukienda kununua na kubadilisha

Nenda na kodi ya giaboksi na jina la oili umeliandika, iwe Gerezani au Kirinyaga Road, usiende na maneno "oili ya auto ya Toyota". Zile za kila gari sizikatai moja kwa moja. Kwa giaboksi ya T-IV au Dexron kampuni inayojulikana ikiandika jina la oili yako kwenye lebo naiweka bila wasiwasi. Ya WS nasoma uzito wake kwanza. Ya CVT nanunua ya kiwandani au ile iliyotengenezwa kwa CVT na kutaja NS-2 au HMMF au FE kwa jina, na sichanganyi TC na FE. Na ukiona Dexron III leo ujue General Motors waliacha kuitolea leseni mwishoni mwa 2006, kwa hiyo unategemea uaminifu wa aliyeitengeneza. Nunua makopo yenye sili, yafunguliwe mbele yako.

Boliti ikifunguliwa inatoka lita 3 mpaka 4 hivi, wakati mfumo mzima una 6 mpaka 8 na zaidi, kwa sababu nyingine imebaki kwenye toki konveta. Ndio maana mara moja haitoshi kama oili ilikuwa mbaya au sio yake. Mwaga, jaza, endesha wiki, mwaga tena, ikibidi ya tatu. Ile inayotoka ipimeni kwenye chombo chenye alama, irudi kiasi kile kile, haswa kama giaboksi haina dipstiki. Kama sampo inafunguka, filta na gasketi vibadilishwe siku hiyo hiyo na sumaku ifutwe.

Ukimaliza usiondoke kwa kukadiria. Washa, pitisha gia zote, endesha mpaka ipate moto, rudi pale pale tambarare upime tena, halafu kesho yake asubuhi chungulia chini ya gari kama kuna tone jekundu kwenye sakafu, na upime tena baada ya siku mbili tatu.